Jozi Moja Ilikosekana Mdomoni mwa Duara

Mwaka ule wa vita nilivunja sheria nyingi, na nyingine nitazitaja hapa kwa sababu sijutii. Lakini ipo moja ambayo hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kuivunja, na aliyekuja kuivunja ni mimi, mwanafunzi wa darasa la saba mwenye viboko vingi kuliko alama.

Haikuandikwa popote. Shimo la dhahabu kwetu huitwa duara, ingawa letu lilikuwa na pembe nne kama kaburi. Mtu akitaka kushuka anavua katambuga zake, viatu vya tairi, pale mdomoni, anazipanga mstari mmoja na za wenzake, pua zikielekea nyumbani, ndipo anashika kamba. Akitoka anavaa. Anayepita juu hana haja ya kuuliza. Jozi tano zipo, watu watano wako chini ya ardhi. Hakuna jozi, hakuna mtu. Kijiji chetu kilikuwa na mwizi wa kuku, mwizi wa ndizi, na hata mwizi wa mlango wa choo cha shule, ambaye simtaji kwa kuwa tunakaa dawati moja. Hao wote, wakipita mdomoni mwa duara, walizunguka mbali wasije wakagusa jozi ya mtu kwa bahati mbaya.

Baba alishuka Biharamulo kutoka Keza akiwa kijana, akitafuta kazi ya machimbo. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini tukapakiwa kwenye lori, safari ambayo kuku wetu mmoja aliikimbia kwa miguu akafika kabla yetu, na mama akamkuta amekwisha kuchagua kiwanja. Kijiji kipya kikapata shamba la ujamaa, shule, na lile duara la zamani la mlimani lililoachwa na wazungu, ambalo mwenyekiti alilitangaza kuwa mradi wa kijiji. Wageni wa wilaya wakija tuliambiwa tuseme shamba kwanza, duara baadaye, kama wakiuliza.

Kazi ya baba ilikuwa matimba. Ndizo nguzo na boriti zinazozuia udongo usiwakalie watu wakiwa chini. Aliijua miti kwa harufu. Aligonga boriti kwa kisigino cha shoka, akasikiliza, akasema hii itanisaliti, akaitupa. Kisha vita vikaja, mgambo wakaitwa, naye akapanda lori kwenda kaskazini na shoka lake, kana kwamba huko mbele nako kuna paa la kushikilia. Kabla hajapanda alimwambia kaka yangu mbele yetu wote: "Nyumba ni yako. Na nguzo ni zako." Mimi hakunikabidhi kitu. Aliniangalia tu, akatikisa kichwa, akacheka.

Kaka alikuwa na miaka kama ishirini na miwili. Alikuwa mrefu, mpole, na mwimbaji mbaya kupita wote niliowahi kuwasikia kanisani. Akiwa kwenye kwaya, padri alikuwa anafupisha misa. Lakini kwenye nguzo alikuwa mtoto wa baba. Aligonga, alisikiliza, alitupa.

Shida ilianza na mahandaki. Iliamriwa kila shule iwe na handaki la kujificha ndege za adui. Tukachimba letu nyuma ya darasa la nne, refu, la kupinda, na mvua ya kwanza ikalijaza maji hadi vyura wakahamia humo bila kusubiri operesheni ya vijiji. Mwenyekiti akasema lazima liezekwe magogo na udongo juu. Magogo yako wapi? Yako rundo zima kando ya duara. Ni miti ambayo baba aliikata kabla ya kuondoka, ikikauka tayari kwa matimba.

Kaka alikwenda kwenye mkutano wa kijiji kulizuia. Nilikuwa nje dirishani nikiigiza kikohozi cha mwenyekiti kwa wenzangu, lakini hilo nililisikia.

"Mzee mwenyekiti," alisema, "ndege haijawahi kupita hapa. Ule mlima unapita juu ya vichwa vyetu kila siku."

Mwenyekiti akamwuliza kama hajui kuna vita. Kaka akasema anajua, baba yake yuko huko. Akaomba mambo matatu tu: miti ibaki, watu wasishuke siku mbili baada ya mvua kubwa, na mtu wa juu arudishwe. Zamani palikuwa na mtu wa kukaa mdomoni, kuvuta ndoo na kusikiliza wenzake. Wanaume walipopungua kwa sababu ya vita, mtu wa juu akapelekwa chini achimbe naye. Juu zikabaki katambuga peke yake.

Mwenyekiti akamwambia kijana, kila mtu ajitolee. Kesho yake mwalimu mkuu akatutoa darasani kwenda kubeba magogo. Nilibeba manne, na sikufichi, nilifurahi, maana lilikuwa somo la hesabu.

Nilikuwa na neno na kaka juma lile. Mazoezi ya ndege yalifanywa kwa filimbi: mwalimu mkuu akipuliza, shule nzima inaruka handakini. Siku moja filimbi ilijikuta mfukoni mwangu, na mwalimu mkuu alikuwa chooni, kile kisicho na mlango. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote. Alitoka ameshika kaptula kwa mkono mmoja, akakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akarukia kwenye handaki wakati bado halijaezekwa, ndani ya maji, katikati ya vyura. Shule ilicheka hadi kengele ya mchana. Jioni alikuja nyumbani kuuliza, na kaka, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumsaidia ndugu, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa vitabu akaitoa filimbi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nikala viboko sita. Kaka alinipaka samli mgongoni na kunihubiria kuhusu adabu, na katikati ya mahubiri akashindwa. "Lakini alivyoruka, bwana mdogo," alisema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chini. Nami nililala kifudifudi nikaapa kulipiza.

Kulipiza kwenyewe hebu sikiliza kulivyokuwa kudogo. Kaka alikuwa na katambuga mpya. Lori la vyakula vya askari lilipasukiwa tairi karibu na Nyakanazi, na kabla dereva hajamaliza kulaani, tairi lile lilikuwa limekwisha kuwa viatu vya kijiji. Zote zilifanana, ila kaka alizishonea za kwake utepe mwekundu, ili asibishane na mtu mdomoni mwa duara. Mimi nilikuwa peku, kama shule nzima. Nilichotaka ni hiki tu: atoke shimoni jioni, asizikute, atembee juu ya mbigili mpaka nyumbani akirukaruka na kunitaja, na mimi nimpokee mlangoni nimezivaa, nimekaa kwenye kigoda chake, nimekunja nne.

Jumamosi ile mama alinipa ndizi na maharage kwenye jani la mgomba nimpelekee. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mdomoni mwa duara hapakuwa na mtu. Jozi sita zilikuwa zimepangwa, pua nyumbani. Kutoka chini zilisikika sauti za sururu, na juu ya hizo, mbali kidogo, kaka akiimba vibaya. Niliweka chakula juu ya jiwe lake. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikachukua zenye utepe, nikavaa.

Zilikuwa kubwa. Nilitembea nazo kwa kuburuta hadi shuleni, ambako tulikuwa tumeitwa kuongeza udongo juu ya handaki, na nikajigamba mbele ya wasichana wa darasa la saba kwamba sasa mimi ni mtu mzima, nimeajiriwa machimboni. Sijui nilikaa huko muda gani. Nilikuwa nacheza.

Habari ililetwa na mama mmoja aliyetoka kisimani. Alisema duara limekatika. Udongo wa upande mmoja umeshuka wote. Lakini akaendelea: Mungu mkubwa, wametoka wote, wamekaa kando wanapumzika. Mwalimu mkuu akavua kofia, akasema tushukuru. Tukasimama kimya. Na mimi, kwa sababu kimya kikizidi lazima nikivunje, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Ni kaka yangu huyo, ameimba mpaka mlima umeziba masikio."

Wakacheka. Hata mwalimu alicheka. Nikapiga hatua mbele kuinama kama mcheza ngoma anayeshukuru watazamaji, na nilipoinama nikaona utepe mwekundu kwenye miguu yangu.

Nilikimbia. Zilinikwaza mara mbili, nikazivua, nikazibeba mkononi. Njiani nilijiambia maneno mengi. Wao ni watu wazima, wamehesabiana vichwa. Nilijiambia hivyo hadi nilipouona udongo mpya, mwekundu, umemwagika mahali ambapo mdomo ulikuwa.

Walikuwa watano, wamekaa chini kwenye nyasi, weupe kwa vumbi la mawe kama wametoka kusaga unga. Mkubwa wao alikuwa mzee aliyefanya kazi na wazungu kwenye lile duara akiwa mvulana, ambaye L na R kwake ni watoto wa tumbo moja. Walikuwa wanakula ndizi za kaka. Nikamwamkia, sijui kwa nini nilikumbuka kuamkia. Akaitika marahaba, akasogea.

"Kaa, ure," akasema. "Kaka yako ametuachia."

Nikauliza kaka yuko wapi.

"Arishatoka kabla yetu. Katambuga zake hazikuwepo."

Mwingine akaongeza kwamba atakuwa amekwenda kukata mti. Ni kweli kaka alikuwa na tabia hiyo: akiona ufa anaouchukia, anapanda bila kuaga, anarudi na nguzo begani. Chini duara liligawanyika njia mbili, na wao walikuwa kwenye ya kulia, kaka ya kushoto. Udongo uliposhuka walipanda kwa kukanyagana, na juu kila mtu akavaa zake, na pale mdomoni hapakubaki jozi. Hivyo walisogea kando, kama inavyotakiwa. Shimo linalokatika halikaribiwi kama halina mtu.

Nilizinyanyua tu zile zenye utepe.

Mzee aliacha kutafuna. Alizitazama, akaitazama ile ndizi iliyo mkononi mwake, akairudisha juu ya jani taratibu kama kitu cha watu. Hakuna aliyenipiga, na mpaka leo natamani mmoja wao angenipiga. Mzee alizichukua katambuga, akaenda nazo hadi ukingoni, ambako ardhi ilikuwa bado inameguka, akazipanga pale, jozi moja, pua nyumbani. Kisha akachukua jembe.

Kulikuwa na kichuguu kando ya njia. Mzee alisema baadaye kwamba walipotoka, kivuli cha kichuguu kilikuwa kifupi, hakijaondoka chini yake. Nilipofika mimi kilikuwa kimevuka njia. Sina saa. Huo ndio muda niliocheza.

Walichimba, na kila walichotoa kilirudi. Udongo wenye maji haukubali kushikwa bila miti. Mzee alipiga kelele itafutwe miti, yoyote, na mtu akasema msituni ni mbali, na mimi nikapata ulimi. Nikasema iko shuleni.

Nilirudi mbio peku. Nilimwambia mwalimu mkuu yote kwa pumzi moja, na filimbi, na utepe, na viboko. Hakuniuliza kitu. Hakutuma mtu kwa mwenyekiti kuomba ruhusa. Alipanda mwenyewe juu ya handaki, akaanza kufukua ule udongo tuliotoka kuumwaga, na shule nzima ikaja. Tulizitoa boriti za baba moja moja, wavulana na wasichana, wanne wanne kwa gogo, tukazirudisha kule kule tulikozitoa. Safari ya kwanza tulizibeba tukiimba. Safari hii nilisikia miguu tu.

Mama alikuwa amefika. Alikuwa amesimama karibu na zile katambuga, mikono kichwani. Jua likazama. Ya usiku ule siyaandiki.

Walimfikia kulipokucha. Mzee alishuka wa kwanza, akakaa sana chini, akapanda, akamwendea mama moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake.

"Arikufa papo hapo, mama," akasema. "Hakujua kitu."

Mama akashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba. Nami ningeyashika, laiti nisingekuwa nimeshuka. Wanaume walikuwa wamechoka, wakataka mtu mwembamba wa kupitisha kamba, na kabla mtu hajanizuia nilikuwa ndani. Kaka alikuwa amekaa, mgongo kwenye nguzo. Ilikuwa moja tu, aliyoikata mwenyewe na kuisimamisha asubuhi ile, na ilikuwa imesimama wima, imeshikilia paa la njia yake kama baba alivyomfundisha. Hakuwa na mfupa uliovunjika. Udongo ulikuwa umeziba mlango, haukumgusa. Pembeni yake koroboi ilikuwa imekaa vizuri, mafuta nusu, na utambi umebanwa chini kwa vidole. Aliizima mwenyewe, isimalize hewa.

Mtu aliyekufa papo hapo hazimi taa. Aliizima kwa sababu alijua tuko juu, tunahesabu, na tutaona jozi moja haina mwenyewe. Alikaa gizani akitusubiri.

Mzee aliijua ile koroboi, aliiona kabla yangu. Nilipopanda nayo aliipokea mkononi mwangu, akaweka mfukoni mwa koti lake, na hatujaizungumza. Mama hajui. Baba naye bado hajarudi. Wengine wamekwisha kurudi na mabegi yao ya kijani, yeye bado, wanasema yuko hai, kikosi chao kimebakizwa ng'ambo. Barua yake nimeianza mara nne. Mwanzo naujua: shikamoo baba, sisi huku hatujambo. Hapo kalamu inasimama.

Baada ya maziko mwenyekiti aliitisha mkutano. Alikohoa kikohozi chake, akasema ni mapenzi ya Mungu, na wakati wa vita kila nyumba imetoa. Nilisimama. Wanafunzi hatusemi mkutanoni, na watu waliponiona nimesimama wengine walianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Ndiyo malipo ya mcheshi.

"Mwenyekiti," nikasema, "hayo mapenzi ya Mungu nilikuwa nimeyavaa mimi miguuni."

Tabasamu zikafutika. Nikasema alichokisema kaka kwenye chumba kile kile: miti kwanza, siku mbili baada ya mvua, mtu wa juu. Nikaongeza langu, kwamba mtu asihesabiwe kwa kiatu tena, ahesabiwe kwa jina, juu ya ubao, na asifutwe mpaka aonekane uso. Mwenyekiti akasema yatafikiriwa. Nikakaa, nikijua kufikiriwa kwake.

Lakini asubuhi duara lilikuwa halina kamba. Mama na wanawake wengine walikwenda kabla ya umande kukauka, wakaifungua kwenye nguzo, wakaikunja, wakaibeba kichwani kama kuni hadi kwetu. Ilikaa chini ya kitanda cha mama juma la kwanza, la pili, la tatu. Bila kamba hakuna mchimbaji, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuingia chumba cha mama mfiwa kuvuta kamba uvunguni. Mwenyekiti alikuja na kofia mkononi. Akaeleza kuhusu mradi wa kijiji na wageni wa wilaya.

"Kamba ipo," mama akamwambia. "Nguzo ziko wapi?"

Ziliwekwa. Mzee aligonga kila moja na kusikiliza, akatupa mbili. Kipande cha ubao wa darasa la nne kikapigiliwa kwenye mti mdomoni, na ulipofika wakati wa kuchagua mtu wa juu, kwa siku za kazi wakataja mmoja aliyemaliza elimu ya watu wazima. Kwa Jumamosi mzee akanyoosha kidole kwangu.

"Ariyevunja ndiye arinde," akasema.

Basi Jumamosi nakaa hapo na chaki. Katambuga bado wanazivua na kuzipanga, desturi haifi kwa siku moja, lakini hakuna anayezitazama. Mtu akishuka naandika jina lake. Akipanda namwambia asimame, anitazame, alitaje mwenyewe kwa mdomo wake, ndipo nafuta. Wananitania kwamba nimekuwa mkali kuliko mwalimu mkuu. Wakati mwingine mmoja anataja jina la mbuzi wake ili nicheke. Siku moja nilicheka, kisha nikamwambia asimame tena.

Jioni narudi na vumbi la chaki mikononi. Mama huwa jikoni. Tangu siku ile hajanitajia katambuga, hata mara moja. Zipo nyuma ya mlango wake na utepe wake. Hanigombezi, na kunipakulia ananipakulia kama zamani. Ila Jumamosi, kabla sijakaa, ananiuliza bila kugeuka kutoka kwenye chungu.

"Wangapi leo?"

"Saba, mama."

"Wametoka?"

"Wametoka wote."

Anakoroga kidogo.

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Kwa macho?"

"Kwa macho, mama."

Ndipo anapogeuka na kunipa sahani.